Nusu ya Kuonana: Jinsi ya Kuandika Waraka wa Kila Mwezi

Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 Shaaban Robert alikuwa akimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa barua hizo katika kitabu. Ni miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja. Katika miaka hiyo Shaaban alikuwa karani wa serikali anayehamishwa kituo hadi kituo, alifiwa na mkewe Amina, mashairi yake yalisomwa katika gazeti la Mambo Leo na watu asiowajua hata kwa sura, na bado alirudi kwa Yusuf. Yusuf mwenyewe alikuwa mtu wa kalamu. Ndiye aliyeandika Nguzo ya Maji.

Mtu mwenye wasomaji wengi kiasi hicho alitaka nini kwa msomaji mmoja? Nadhani alitaka tunachokitaka sote: mtu wa kumweleza mambo yetu taratibu, anayejua yalikoanzia, ili ya leo tukimwambia tusilazimike kuanza upya.

Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana. Katika makala haya nataka kukuonyesha namna ya kuirudisha desturi hiyo nyumbani kwako kwa zana ulizonazo leo: waraka mmoja kila mwezi, ukurasa mmoja au miwili, kwa watu wachache unaowajua kwa majina. Nimeishi nayo muda wa kutosha kuamini kwamba humbadilisha anayeandika kabla haijamgusa anayesoma.

Utasema watu hawajawahi kuandikiana kama sasa, simu hazinyamazi. Lakini fungua kundi la WhatsApp la ukoo wenu utazame. Kuna picha za asubuhi njema, michango ya harusi, taarifa za msiba, video iliyotoka kusikojulikana. Ndugu wote wamo humo, na hakuna anayejua mwenzake anakosa usingizi kwa ajili ya nini. Tunasambaziana sana, kuandikiana ni jambo jingine. Kwa upande wa pili kuna shajara, daftari la siri ambalo halisomwi na mtu. Ni kitu kizuri, ila shajara haikuulizi swali. Unaweza kujidanganya humo mwaka mzima na ukurasa ukanyamaza tu. Waraka umekaa katikati ya hayo mawili. Una msomaji, kwa hiyo inakubidi ueleweke. Na msomaji huyo anakupenda, kwa hiyo huna haja ya kujipamba.

Mchague mtu mmoja

Kazi yote inaanzia hapa, na ndiyo sababu nitakaa hapa muda kidogo. Hata kama waraka utakwenda kwa watu kumi, uandike kwa mmoja. Mtu huyo asiwe yule unayetaka akusifu. Bosi wako wa zamani, mwenzako wa shule aliyefanikiwa kukupita, mchungaji au shehe ambaye mbele yake unakaa vizuri: hao wote waweke kando, maana ukiwaandikia kalamu itavaa suti. Asiwe pia mtu unayezungumza naye kila siku, kwa kuwa mmekwisha kuambiana. Mtafute aliye mbali kiasi cha kutojua habari zako, na karibu kiasi cha kuzijali. Shangazi aliyeolewa Muscat. Rafiki mliyelala dari moja bwenini, sasa yuko Kigoma. Mama mwenye nyumba wa zamani aliyekuwa akikuwekea chakula. Kipimo changu ni kimoja: ukimsimulia jambo, ni mtu wa kukuuliza, "Halafu ikawaje?"

Andika jina lake juu ya ukurasa kabla ya neno lolote. Utaona mara moja yanayobadilika. Ukimwandikia shangazi wa Muscat huwezi kusema tu kwamba kazini kumechafuka, kwa sababu hamjui mkuu wako wa kitengo wala hajui mlikuwa wangapi. Inabidi umweleze. Na katika kumweleza, wewe mwenyewe unagundua kwamba ulichokiita fitina kilianza siku ulipokosa kualikwa kikao kimoja, na kwamba hukuwahi kuuliza kwa nini. Hakuna aliyekufundisha hilo. Umelazimishwa na msomaji kupanga mambo, na mambo yakipangwa huonekana.

Anne Frank alikuwa na miaka 13 alipopewa daftari huko Amsterdam mwezi Juni mwaka 1942. Muda mfupi baadaye akaanza kumwandikia "Kitty", rafiki wa kubuni, kwa sababu hakuwa na rafiki wa kweli wa kumweleza ya moyoni. Tarehe 28 Machi 1944, akiwa bado mafichoni na familia yake kwa kuwakimbia Wanazi, walisikia redioni waziri wa Uholanzi akizungumza kutoka London na kuomba watu watunze barua na shajara za wakati wa vita. Mwezi Mei akaanza kuyaandika upya yale aliyoyaandika: akipunguza, akifafanua, akiunganisha. Alikuwa ametambua kwamba huenda atasomwa. Kazi aliyoifanya katika majuma hayo ya mwisho kabla ya kukamatwa ndiyo ninayokuomba uifanye kwa kiwango chako, yaani kuyatoa mambo yako katika hali ya kuropokwa na kuyaweka katika hali ya kuelezwa.

Au mkumbuke Mariama Bâ wa Senegali. Riwaya yake ya mwaka 1979, inayojulikana kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii, ni maneno ya mwanamke aliye edani akimwandikia rafiki yake wa utotoni. Angeweza kusimulia habari ileile hewani tu. Lakini kwa kuwa anamwandikia Aissatou, ambaye naye aliwahi kuletewa mke mwenza na akaamua kuondoka, kila anachokisema kuhusu ndoa yake kinapimwa mbele ya uamuzi wa mwenzake. Msomaji uliyemchagua hukupa kipimo.

Ukishampata huyo mmoja, ongeza wengine polepole. Watano wanatosha kuanzia. Wakizidi kumi na wawili utashindwa kuwajibu kwa haki. Waombe ruhusa. Usimtumie mtu waraka bila hodi. Ujumbe wa kuomba uwe mfupi: "Dada, naomba niwe nakuandikia mara moja kwa mwezi, habari za huku na ninayoyawaza. Si lazima ujibu." Sentensi ya mwisho usiisahau. Wengi huiogopa barua kwa sababu ya deni la kujibu, na ukiwaondolea deni hilo mapema watakusoma kwa furaha.

Na usiunde kundi. Hili nalisema kwa msisitizo. Ndani ya kundi jibu la kila mtu linaonwa na wote, kwa hiyo waongeaji wataongea na wakimya watanyamaza kabisa, ilhali mara nyingi wakimya ndio wenye la kusema. Mtumie kila mtu peke yake. WhatsApp ina njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu, na kila mmoja akaupokea kama umemtumia yeye tu. Sharti lake ni awe amehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa barua pepe, ziweke anwani zote katika sehemu ya nakala zisizoonekana. Mzee asiyesoma kwenye kioo cha simu mchapie kwa herufi kubwa umtumie kwa basi pamoja na mzigo mwingine, au umwombe mjukuu aliye naye amsomee jioni. Ukimpata mjukuu mwenye sauti nzuri, una wasomaji wawili.

Daftari la mfukoni

Watu wengi hushindwa waraka wa pili, si wa kwanza. Wa kwanza una miaka ya kusimulia. Wa pili unakukuta umekaa mbele ya karatasi tupu, unauliza mwezi ulipita vipi, na unachokumbuka ni kwamba kulikuwa na joto na hela haikutosha.

Dawa yake ni daftari dogo na mistari mitatu kila jioni: kitu nilichokiona, neno nililolisikia, jambo lililonikwaza. Mistari mitatu tu, hata ukiwa umechoka, hata ukiwa umesimama. Usieleze, taja. "Konda kamrudishia bibi nauli." "Mtoto wa jirani: mbona baba yako hacheki?" "Sikupokea simu ya Salome mara ya pili." Mwisho wa mwezi una mistari karibu tisini. Isome yote kwa mara moja, kalamu mkononi, na uzungushie duara mitatu inayokushika. Hutajua kwa nini inakushika. Hilo utalijua unapoandika.

Uniruhusu nitoe mfano wa kubuni. Wewe ni mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Tunduru, na ni mwezi Novemba, msimu wa korosho. Ukiandika bila daftari, utaandika hivi:

"Mwezi huu umekuwa na changamoto nyingi lakini Mungu ni mwema. Wanafunzi ni watoro sana kipindi hiki cha korosho na wazazi hawatoi ushirikiano. Tunaendelea kupambana."

Kila neno hapo ni la kweli, na hakuna anayeona kitu. Sasa jaribu ukiwa na daftari:

"Jumatatu niliita majina darasa la tano, wakaitika kumi na tisa katika arobaini na mmoja. Wengine wako mashambani wanaokota korosho kabla ya mnada. Alhamisi mmoja wao alirudi, shati la shule limejaa madoa ya mabibo, yale yasiyotoka hata kwa jiki. Nikamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Akasema alikuwa anatafuta pesa ya daftari. Nilikuwa nimeshika fimbo. Niliiweka mezani, nikaendelea na hesabu za sehemu, na mpaka sasa ninapokuandikia sijajua nilipaswa kumjibu nini. Shangazi, wewe ulifundisha Newala enzi zako. Mlikuwa mnafanyaje?"

Tazama kilichofanyika. Hakuna neno gumu lililoongezwa. Utoro umegeuka mtoto mmoja mwenye shati. Malalamiko juu ya wazazi yametoweka yenyewe, kwa sababu ukimtazama mtoto huyo husemi tena kwa urahisi kwamba wazazi hawatoi ushirikiano. Mwalimu amekiri kwamba hajui, na kutojua huko kumefungua nafasi ya shangazi kuingia. Halafu swali la mwisho halijatupwa hewani kwa "mnasemaje?" Ameulizwa mtu anayeweza kulijibu, juu ya jambo analolijua kuliko muulizaji. Shangazi huyo atajibu. Atajibu kurasa tatu.

Saa ya kuandika

Panga siku moja isiyobadilika. Jumapili ya kwanza ya mwezi huwafaa wengi. Kaa saa moja na nusu, simu chumba kingine. Andika jambo moja tu. Mengine yaliyotokea yapate mistari miwili mwishoni: fulani kajifungua, paa limezibwa, nimeanza dawa mpya ya presha.

Barua za zamani zilianza kwa maneno tuliyoyajua sote kwa moyo: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Siku hizi vijana huyaona ya kale. Mimi nayapenda, kwa sababu yalimtanguliza msomaji mbele ya mwandishi. Tunza roho ya maneno hayo: anza kwa kumuulizia mtu huyo jambo lake mwenyewe, goti lake, mtihani wa mwanawe, kisima kilichokuwa kinachimbwa. Baada ya salamu, ingia moja kwa moja kwenye jambo. Usitumie aya nzima kuomba radhi kwa ukimya.

Rasimu ya kwanza iende haraka bila kurudi nyuma. Kisha tafuta ndani yake mahali uliposema "kwa sababu". Nina sababu ya kukuomba hivyo. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha jaribio waliloliendesha kwa wanafunzi wa chuo. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo mepesi, wengine walisimulia tukio baya la maisha yao pasipo hisia, wengine hisia pasipo tukio, na wengine vyote viwili. Siku zenyewe za kuandika, walioandika vyote viwili walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, wale waliounganisha tukio na hisia walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko waliopewa mambo mepesi. Pennebaker aliendelea na utafiti huo kwa miaka mingi, na uchambuzi wa maandishi ya watu kama hao ulionyesha kwamba walionufaika zaidi walikuwa wale ambao siku hadi siku walizidi kutumia maneno ya kutafuta chanzo na kuelewa: kwa sababu, kumbe, sasa naona.

Kwa hiyo ukisoma rasimu yako ukakuta tukio peke yake, ongeza ulivyojisikia. Ukikuta hisia tupu, ongeza kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwepo. Na kama hakuna "kwa sababu" hata moja, jiulize moja na uijibu kwa ukweli unaoufikia, hata kama ni "huenda ni kwa sababu".

Hilo lisikufanye umwage kila jeraha. Jambo ambalo bado linatoa damu liandike kwenye daftari lako kwanza, na usilitume mwezi huohuo. Likipoa ndipo uamue kama ni la kusimuliwa. Na kama kuliandika kunakurudisha kwenye giza kila mara, acha kuandika ukamwone mtu uso kwa uso: daktari, mshauri nasaha, kiongozi wa dini unayemwamini. Waraka haukuumbwa kubeba hilo.

Halafu soma kwa sauti. Hakuna mhariri mkali kuliko sikio lako. Ulimi ukijikwaa, sentensi ina kasoro. Lugha ya ofisini iliyojificha utaisikia yenyewe: "suala zima la", "katika kuhakikisha kwamba", "changamoto". Futa neno changamoto uandike kitu chenyewe, iwe ni deni, mvua, mgonjwa, mume. Nalitaja kwa sababu limekuwa pazia. Tunalitundika mbele ya jambo ili tusilitazame.

Kuna kusitiri pia, na hapa sitaki uchukue njia ya mkato. Maisha yako yamechanganyika na ya wengine. Ugomvi wako na mwenzi wako ni nusu wako, nusu wake. Muulize kabla ya kuutuma, na akikataa, basi. Habari za mtoto aliyekwisha kupata akili ya kuona haya ziombewe ruhusa kwake. Ukiwa muuguzi, mgonjwa asionekane kwa namna yoyote, si jina wala kijiji wala ugonjwa wenye tarehe. Ukiwa karani wa benki, ya wateja yaache benki. Waraka unaweza kutumwa mbele kwa kidole kimoja, na mpokeaji hata asiwe na nia mbaya. Kila ukimaliza, usome tena ukimfikiria mama mkwe wako ameushika. Pale unapotaka kuuvuta kutoka mikononi mwake, rekebisha.

Jibu ndilo jambo lenyewe

Kuandika hukukuza wewe mwenyewe. Uhusiano hujengwa kwa majibu. Hapa naona wengi wanapoteza nafasi nzuri. Wanaandika vizuri, wanatuma, wanapokea majibu, wanajibu kwa alama ya moyo, basi.

Waswahili wana urithi mkubwa wa kujibizana kwa maandishi. Tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi walikuwa wakiulizana na kujibiana humo, mmoja akitoa fumbo toleo hili, mwingine wa mji wa mbali akilifumbua toleo la baadaye, wakaheshimiana miaka mingi pasipo kukutana. Baadaye zikaja kadi za salamu redioni. Nchini Kenya na Tanzania watu walijaza kadi, wakasikia majina yao yakisomwa, wakaunda vilabu vya salamu, wakatembeleana, wakazikana. Salamu zenyewe zilikuwa fupi na karibu zote zilifanana. Kilichowaunganisha ni kwamba uliyemsalimu alijibu, kwa jina lako, hewani.

Kwa hiyo nyuma ya daftari lako mpe kila msomaji ukurasa wake. Akikujibu, andika humo alichokutajia: mwanawe anafanya mtihani wa kidato cha nne, ameanza kufuga samaki, anaogopa kustaafu. Mjibu ndani ya siku tatu, mistari minne inatosha, na mstari mmoja uwe juu ya jambo lake, si lako. Mwezi unaofuata, kabla ya kumtumia waraka, fungua ukurasa wake uongeze juu sentensi moja ya kwake peke yake: "Samaki wamefikia ukubwa gani?" Inachukua dakika moja kwa kila mtu. Sijaona kitu kidogo chenye nguvu kama hicho. Watu wazima wengi hawana mtu hata mmoja anayekumbuka walichosema mwezi uliopita.

Wengine watanyamaza. Usiwahesabu, na usikasirike. Baada ya nusu mwaka mpigie simu aliye kimya, umuulize habari zake bila kutaja waraka. Mara nyingi atautaja yeye, na utakuta amewasomea wanawe. Mwingine atakupinga vikali. Mshukuru, kisha ungoje siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu aliyekupinga kwa kurasa mbili amekusoma vizuri kuliko aliyekusifu kwa neno moja. Na yuko atakayeona umeandika kwamba umepandishwa cheo, akaomba mkopo. Mjibu faraghani, kwa upole, kama ungemjibu sebuleni; waraka haukuongezi wajibu ambao hukuwa nao.

Miezi ya ukame itakuja. Msiba, mtihani, homa, au moyo uliokauka tu. Mwezi kama huo andika mistari mitano na uitume siku ileile. Ukikosa jambo, andika juu ya kitu kimoja ulichorithi na aliyekipenda kabla yako, au mtu aliyekufundisha kazi, au namna mama yako alivyopika samaki wa kupaka, hatua kwa hatua, na mahali ambapo wewe huharibu. Au muombe mmoja wa wasomaji akupe swali. Swali la mtu mwingine huzibua kisima.

Tunza nakala. Chapa kila waraka, tarehe na mahali juu, uweke kwenye faili la karatasi, maana simu huibwa na nywila husahaulika. Mwisho wa mwaka kaa na nyaraka zote kumi na mbili uzisome kwa mfululizo. Tafuta hofu uliyoiandika mwezi Machi ambayo haikutokea. Tafuta jina linalojirudia zaidi ya ulivyodhani, na jina lililotoweka. Tafuta jambo uliloahidi mara tatu. Kwenye daftari la mwaka mpya andika uliyoyaona, mistari mitatu kama kawaida yako, na uchague moja la kumweleza msomaji wako mwezi Januari.

Kisha itafika siku mmoja wao atakutumia wa kwake. Utakuwa na makosa ya tahajia, utaanza kwa kujitetea, huenda utakuwa mrefu mno. Usome ndani ya juma hilohilo. Usimsahihishe. Chagua kitu kimoja alichokitaja, mtu au mahali au maneno aliyoyasikia, umwambie umekiona, halafu muulize ikawaje.